Miiba ya bustani yangu

Ndugu yangu Wato, salamu baadaye.

Huyu jirani yangu Mulki ameng'oa ua wa miiba ya bustani! Ile niliyozungushia kunde kabla mvua haijaanza. Amekokota matawi yote kumi na moja, akajengea zizi la watoto wa mbuzi wake. Nilikuwa naswali adhuhuri tu, Wato. Adhuhuri tu!

Natoka, mbuzi wake watatu wako ndani. Kunde zimebaki vijiti. Kesho ndiyo nilikuwa nichume mara ya kwanza, za mjukuu wangu Nasteha. Daktari kasema damu yake iko chini, ale mboga.

Namuuliza, Mulki, umefanya nini? Anacheka! "Ayeeyo, bibi yangu, hayo si majani tu? Sisi tunakula nyama, majani ni ya mbuzi." Majani! Mbele ya watu!

Nimewafunga mbuzi wote watatu kwangu, nikawakamua mpaka tone la mwisho. Nasteha yuko kikombe cha pili sasa hivi.

Mulki anagonga mlango, analia ati watoto wa mbuzi wana njaa. Agonge. Sifungui mpaka aizungushe miiba yangu tena, kwa mikono yake mwenyewe.