Viwavi wa Gogo la Mkuyu

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Nondo wametoka! Saba! Nilikuwa nachambua mchele, nikafunua sufuria ya Kabula, hao hapo, wadogo, rangi ya majivu. Miezi miwili nimewalea viwavi hawa, binti yangu Kabula akiwa chuoni Dar. Alipokuwa likizo aliwapa majani, wakagoma. Mimi ndiye niliyewabandulia uyoga mgumu wa gogo la mkuyu, hapo uani. Wakautoboa tundu tundu. Darasa la saba mimi, lakini macho ninayo. Mkolani nzima nani ana binti anayesomea wadudu?

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemtumia Kabula watano kwa treni, kwenye kopo la maziwa. Na barua: walikula nini, walijifunga lini. Wawili nimebaki nao.

Jumatatu, 28 Oktoba
Barua ya Kabula. Mwalimu wake kashangaa, hajaona popote kuwa nondo huyu anakula uyoga ule. Nimemsomea kila aliyepita. Hata muuza dagaa.

Jumanne, 19 Novemba
Kabula yumo gazetini. Picha kubwa. Mama Neema wa jirani kaja nalo mbio, kasoma kwa sauti: eti Kabula aliwafuga mwenyewe chuoni, tena kasema: "Mama yangu anaogopa wadudu, nusura awamwagie maji ya moto."
"Shoga, kumbe unaogopa wadudu!" Kacheka mpaka kashika ukuta.
Nami nikacheka, kicheko cha uongo. Nilikwenda jikoni nikalia.

Alhamisi, 28 Novemba
Kabula kafika. "Shikamoo mama." Marahaba nimeitikia, basi.
Kasema habari ya sufuria jikoni wasomi wa chuo wangeidharau. "Ukiulizwa, mama, itikia tu."
Ni mimi niliyemzaa, naye kanionea aibu. Sili vizuri.

Jumapili, 1 Desemba
Baba yake anaalika ndugu wa Kisesa na Buswelu waje kumpongeza. Tangu apunguzwe kiwandani sijamwona na furaha hii. Nitaiharibu vipi?

Jumatano, 4 Desemba
Mvua ndogo. Wale nondo wawili niliobaki nao walitaga kabla hawajafa. Viwavi wapya wanatoboa. Nimewabandulia uyoga, nikaitoa sufuria jikoni, nikaiweka sebuleni, katikati ya meza. Kabula kaiona. Hakuiondoa.
Akiuliza mtu, nitafunua.
Wanakuja wote Jumapili, tarehe nane.