Niliyetoka Katikati ya Mahubiri

Lundo, Jumapili

Eti sina hofu ya Mungu! Mzee wa kanisa kanisema mbele ya watu wote, kisa nilitoka katikati ya mahubiri.

Mvua ilikuwa inakuja, na usipa wetu, hawa dagaa wa ziwani, ulikuwa umeanikwa ufukweni. Nilianua wangu, nikaanua na wa mama mjane, jirani yangu. Samaki aliotupa Mungu waoze, mimi nimekaa naitikia amina? Hapana.

Naogopa, sikatai. Mzee huyo anaweza kunizuia nisishiriki meza ya Bwana. Lakini ninayemcha ni Mungu, siyo yeye.

Na usipa wake yeye? Niliuanua pia. Uko jikoni kwangu, mkavu kabisa. Simpelekei. Aje auchukue mwenyewe.