Baraza Halina Rangi na Ijumaa Mama Anatoka Eda

Jumanne, alasiri imeshapita. Mvua imetishia tangu asubuhi, haikunyesha, joto limetuganda mwilini na mimi nimechoka na rangi.

Sikujua kama mtu anaweza kuchoka na rangi. Kazi nimeshaichoka, ndoa niliichoka mara moja nikaimaliza, lakini kuchoshwa na rangi ni jambo geni kwangu.

Nieleze kwa asiyetujua. Baba alifariki, na mama yuko ndani anakaa eda, miezi yake minne na siku kumi. Ijumaa hii anatoka, watu watakuja kusoma dua. Ndipo mimi, kifungua mimba mwenye kiherehere, nikasema nyumba isimpokee mama na kutu zake. Kuta tulipaka krimu, hakuna aliyesema neno. Likabaki baraza la mbele: nguzo mbili, ukingo wa saruji na vyuma vilivyosimama juu yake. Kazi ya siku moja, alisema fundi Mhina.

Leo ni siku ya tisa.

Shida ni kwamba anayetakiwa kuchagua rangi hawezi kutoka kuiangalia. Eda ya mama ni eda ya zamani. Mwalimu wa madrasa mwenyewe alituma salamu kwamba baraza ni sehemu ya nyumba, achungulie tu alfajiri kabla watu hawajaamka, hakuna ubaya. Mama akasema nyumba ya mwalimu iko uchochoroni, yetu iko barabarani, kwa hiyo kila mtu ajibu kwa yake. Fundi akapaka vipande vya mbao, kila kimoja na rangi yake, na mimi nikawa naviingiza chumbani kwa mama kimoja kimoja kama muuza vitenge.

Nikaanza na kijani, kwa sababu ndiyo rangi ya baba. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikuwa anavua shati, anachukua brashi na kuvipaka vile vyuma mwenyewe, kijani kilekile. Nilidhani hapo tumemaliza. Mama akakishika kipande, akakigeuza, akasema, "Hii ya baba yenu," kisha akakisukuma chini ya kitanda. Hiyo ni ndiyo au siyo? Mpaka naandika hapa sijui.

Rangi ya maziwa akasema wazee wataegemeza miguu, wiki moja itakuwa nyeusi. Damu ya mzee akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mzee mwenyewe nimemzika juzi, leo damu yake niipake vyuma?" Nilicheka peke yangu koridoni, kisha nikajiona mbaya. Kahawia hakuisemea kitu, aliirudisha tu.

Samawati akaikubali.

Sikumpa nafasi ya kubadili mawazo. Fundi akapaka vyuma vitatu jioni ileile. Kesho yake nikatoka kazini Raskazone saa tisa, bodaboda akanishusha mbele ya nyumba, nikabaki nimesimama na pochi mkononi. Chumbani kwa mama, mapazia yameshushwa, ile samawati ilikuwa imetulia. Kwenye jua la Nguvumali inakupigia kelele tangu kona ya barabara. Bodaboda akaniuliza kama siku hizi tunauza barafu.

Kosa langu. Mtu mzima nachagulia rangi ya nje gizani. Nikapiga picha nimwonyeshe mama, na simu yangu nayo kila kitu inakifanya cha harusi, mama akasema mbona nzuri. Nikamwambia mama, niamini, siyo nzuri. Akasema haya, itoeni.

Na kama hayo hayakutosha, Jumapili akaja ami Sufiani, mdogo wake baba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye vile vyuma vitatu. Ami na wazee wenzake wanne wamekunywa kahawa kwenye baraza letu kila alasiri tangu sijazaliwa. Tangu msiba wamejizuia kwa heshima, na ninajua anahesabu siku kuliko sisi.

"Baraza la kaka lina rangi yake, Zuhura," akasema. "Ijumaa tukishasoma dua, wazee tunarudi mahali petu. Tusije tukapotea njia."

Nikasema ndiyo, ami.

Naandika hili ili nisijidanganye baadaye: nilikubali kwa furaha. Nilikuwa nimechoka, na kijani kilinipa sababu nzuri ya kuacha kufikiri. Baba apumzike, baraza lake libaki lake, basi. Jana fundi akapiga msasa ile samawati. Leo asubuhi kabla sijaenda kazini nikaingia kwa mama na uso wa ushindi nikamwambia imekwisha, tunapaka kijani, kama alivyoliacha baba.

Mama akasema, "Haya."

Aliyelelewa na mama wa Tanga anaijua hiyo haya. Nilikwenda nayo kazini, nikapokea nayo wageni, nikajibu nayo simu za watu. Saa saba nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Chakula cha mama kilikuwa kimefunikwa vilevile nilivyokiacha.

Hapo nikalipuka.

Nilimwambia, "Mama, ni vyuma. Vyuma tu. Nimekuletea rangi tano, hutaki kusema ndiyo, hutaki kusema hapana, watu wanakuja Ijumaa. Sema unachotaka." Sauti ilipanda mpaka nikasikia msasa wa fundi umenyamaza huko nje. Mwanamke yuko eda na mimi nampigia kelele kwa sababu ya kopo la rangi. Nina aibu hata kuandika.

Mama akaikunja khanga yake taratibu, akaiweka magotini.

"Zuhura, ukikaa pale barazani unaona nini?"

Nikadhani ananitega. Nikamwambia unaona barabara.

"Barabara naijua. Nakuuliza ukiwa umekaa."

Ikabidi nifikiri. Nikamwambia unaona duka la Mangi, na foleni yake asubuhi. Unaona watoto wa shule wakirudi kutoka upande wa Usagara, wanasukumana. Unaona bajaji zinavyokwepa lile shimo, na yule mmoja asiyelikwepa kamwe. Ukigeuka kidogo mkono wa kushoto unaona kwa Mama Rehema, geti likiwa wazi unaona mpaka uani, beseni na nguo zote alizoanika.

"Mpaka uani?" Mama alishtuka kweli. Mama Rehema ni shoga yake tangu wote wawili wana meno kamili. "Na wale wazee wote walikuwa wanaona?"

"Wote, mama."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia, bila uchungu wowote, kama mtu anayeelekeza njia, kwamba ameolewa katika nyumba hii miaka thelathini na minane. Lile baraza analifagia alfajiri kabla watu hawajapita. Kahawa anaitolea mlangoni, mkono wa baba unaipokea. Kukaa, hajawahi kukaa.

"Mie nilitaka kwanza nijue nikikaa n'takuwa natazama nini," akasema. "Ndiyo nichague."

Siku tisa namuuliza rangi ya mahali anapopajua kwa ufagio tu. Na mimi nilikaa pale. Nilikaa kwenye mapaja ya baba nikinywa kahawa ya mwisho ya kikombe chake, mpaka nilipofika miaka kumi na mbili, siku moja nikaambiwa nimekuwa mkubwa, niingie ndani. Niliingia. Sikuuliza, na nikasahau kwamba niliwahi kuwa nje.

Nimekasirika. Hasira yenyewe haina pa kwenda. Siwezi kumkasirikia baba, sijamaliza hata kumlilia. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama, alimletea samaki mzuri na vitambaa, kila alichoomba alipewa. Hili hakuliomba, na sisi wote tukachukulia kwamba halitaki.

Nikatoka nje. Fundi Mhina alikuwa ameshafungua kopo la kijani, brashi iko mkononi. Nikamwambia aache. Apake praima, ile rangi ya kwanza ya kijivu, kwenye vyuma vyote, afungashe, aende kwao Muheza, tutamwita pale mwenye nyumba atakapochagua. Akaniangalia kwa huruma.

"Dada, hapa mimi ni mpaka rangi au mtoa rangi?"

Akapaka kijivu.

Kisha nikampigia ami, maana nikisubiri mpaka kesho nitaogopa. Shikamoo, habari za nyumbani, mpaka tukafika kwenye lenyewe. Nikamwambia kijani tumekiahirisha. Ijumaa baraza litakuwa hivyohivyo kijivu, na mama akitoka atakaa pale kwa siku anazotaka, achague rangi akiwa juani, mwenyewe.

Akauliza, "Shemeji akae wapi?"

"Barazani, ami."

"Na sisi?"

Nikamwambia milango iko wazi, wakija watakaribishwa sebuleni kama wageni wote. Nilisema kwa adabu, wallahi, lakini nilisema. Akasema tutazungumza, akakata. Tangu hapo simu imeita mara sita, mdogo wangu wa Dodoma mara mbili, shangazi mara nne. Sijapokea. Najua wanachotaka kusema: nyumba ya msiba, watu wa dua, baraza limepakwa nusu, na binti aliyeachika ndiye anayegawa viti. Waseme. Mimi ninayaogopa maneno yao, sijifanyi shujaa, ila ile "sijawahi kukaa" ya mama inaniuma zaidi.

Nilipompelekea chai nikamwambia alivyosema ami. Nilitegemea arudi nyuma, aseme basi mwanangu, wape tu baraza lao. Hakusema. Alikunywa chai, akala na chakula chake cha mchana kilichopoa, akaniagiza kitu kimoja: Ijumaa nimtolee mbele kigoda chake cha uani. Kile kifupi, anachokalia kuchambua mchicha na kukuna nazi tangu nina akili.

Fundi alipoondoka nikakibeba kigoda mpaka barazani, nikakiweka pale penye nafasi nzuri, nikakikalia nijaribu. Praima ilikuwa bado mbichi inanuka. Nikageuza shingo huku na huku, nikajinyoosha.

Duka silioni, watoto siwaoni, kwa Mama Rehema wala. Kutoka kwenye kigoda cha mama unaona ukingo wa saruji na vyuma tu.

Kesho natafuta kiti kirefu.