Risiti ya Kipande cha Sita

Nyumbani,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Sekunde,

Kwa heshima zote zinazostahili tukio kubwa kama hili, na baada ya kushauriana na pande zote za ukoo, natangaza rasmi kwamba kifuniko cha bakuli la sukari kimevunjika. Kilitumikia nyumba hii miaka kumi na tisa. Kilinusurika kuhama mara mbili, kikanusurika wewe na mpira wako, kisha kikaanguka Jumanne asubuhi bila kosa lolote. Sasa tunafunika sukari kwa sahani. Sisimizi wamezipokea habari hizo vizuri kuliko sisi.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi cha baridi kimeondoka, au mmeshakubaliana kuishi pamoja? Wifi yangu hajambo? Na yule mdogo aliyekuwa akiota meno, amefikisha mangapi? Mimi sijambo, ila mgongo na cherehani hawasikilizani. Shangazi ni mzima na bado anasema kila kitu kinachompitia kichwani. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na redio yake haijapata likizo.

Najua unajiuliza kwa nini safari hii barua ni ndefu hivi na simu ipo. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni unapewa pole sebuleni. Na masikio ya Baba siku hizi yamekuwa makali mno. Nikianza kukusimulia haya kwa simu, atayasikia kabla yako.

Masikio yamekuwa makali kwa sababu macho yamekwisha. Nimejaribu kuliandika hilo kwa njia tatu na hii ndiyo fupi kuliko zote. Baba haoni, Sekunde. Anatambua dirisha liko upande gani wakati wa mchana, basi. Kifuniko alikivunja yeye. Mkono wake ulilifuata bakuli mahali lilipokuwa juzi.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba ni macho ya uzee, anatiwa matone. Matone yalikuwepo kweli. Uzee niliusingizia mimi. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alisema waziwazi mbele yetu wawili: upasuaji hautarudisha kilichopotea, utalinda kilichobaki, na tusipitishe miezi mitatu. Baba alitoka pale akanikataza kukuambia. "Sekunde ana mzigo wake, na mimi nina mali yangu," alisema. Nami nikatii, maana tangu utotoni nimekuwa hodari wa kutii mambo nisiyopaswa kutii.

Mali yake unaijua, ila sina hakika kama unaijua yote. Fundi saa aliyekaa miaka arobaini kwenye kibanda chenye upana wa kitanda, alinunua hisa za benki, akanunua hisa za kiwanda cha saruji, na akanunua vipande sita vya dhahabu: vitano vidogo vya gramu tano tano, na cha sita cha gramu thelathini. Hakuna aliyemfundisha. Magazeti aliyofungia saa za watu aliyasoma kwanza. Wenzake walipofungua redio kusikiliza mpira, yeye alisikiliza bei za hisa, na benki ikipanda senti mbili alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefunga bao.

Hisa hazikumsumbua. Alipenda kusema hisa zina adabu: gawio linakuja limeshakatwa kodi hukohuko, na karatasi zote anazo dalali wa hisa. Dhahabu ndiyo iliyomnyima usingizi. Dhahabu, alisema, haina mtu wa kuitolea ushahidi isipokuwa risiti. Ukiuza, kodi inatozwa kwenye faida, yaani bei ya leo ukitoa bei uliyonunulia. Sasa ukikosa risiti ya kununulia, mtu wa kodi atahesabu kwamba ulipewa bure, na bei nzima itakuwa faida. Hilo alilisoma mahali fulani zamani, akalimeza kama dawa.

Kwa hiyo risiti zake alizitunza kwenye bati la biskuti, kila moja na namba. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita haikuwemo.

Vidogo vitano havikufika hata nusu ya gharama ya upasuaji, na hisa za benki zisingeziba pengo. Ilibidi kiuzwe kile kikubwa, na kikubwa ndicho kilichokosa karatasi.

Mzee hakukaa bure. Aliuza hisa za saruji zilizokuwa zimeshuka, akaziuza kwa hasara makusudi, na fedha ile ikalipia vipimo na matone. Alinieleza mpango wake kama anavyoeleza saa: hasara ya hisa ina meno yake, faida ya dhahabu ina meno yake, ukiyakutanisha ndani ya mwaka mmoja yanashikana, hili linalipunguza lile, na mtu wa kodi anaondoka na kidogo. "Umeelewa, Dakika?" Nilielewa. Ilikuwa hesabu safi ya mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja kuisomea. Ilipungukiwa karatasi moja.

Tukaanza kuitafuta. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikaa mezani, nami nikatoa makaratasi ya nyumba nzima, moja moja, nikimsomea. Mwanzoni aliyashika karibu na pua ayaone mwenyewe. Baadaye akawa anayapapasa kwa vidole, anasema, "Hiyo ni ya maji. Hiyo ya dalali. Hiyo ya jokofu, itupe, jokofu lenyewe lilishakufa." Nilisoma barua za marehemu Mama, nilisoma vyeti vyako vya shule (alicheka palepale ulipotarajia asicheke), nilisoma maelekezo ya pasi. Risiti haikuonekana.

Nikamwambia, Baba, tuuze hivyohivyo, watukate wanachotaka, heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema hiyo dhahabu si yake, ni yetu, na hawezi kumlisha mgeni urithi wa watoto wake kwa uzembe wa karatasi. Nikamwambia niende ofisi ya kodi nikaulize. Hapo alinyoosha kidole, na kilinikosa kidogo upande wa kushoto. "Kuuliza si ujinga," alisema, "lakini kuulizwa ni hatari. Ukishaingia pale na jina langu, umenifungulia faili."

Shangazi alikuja akakuta tumezungukwa na makaratasi kama kuku anayeatamia. Unamjua, hana breki.

"Kaka, dhahabu iko kabatini na wewe unajigonga milangoni. Unamwekea nani, funza?"

"Funza hawalipi kodi," Baba akajibu.

"Na vipofu je?"

Baba akafunika bati la biskuti. Kisha akauliza, "Dakika, Jumamosi ijayo ni tarehe ngapi?"

Miezi mitatu ikawa minne, minne ikawa saba. Tuliporudi kwa daktari, alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akakaa. Hakutugombeza. Heri angetugombeza. Alisema upasuaji sasa ungekuwa kumsumbua mzee bila faida. Njiani Baba alinishika bega, akaniuliza bei ya saruji imefungaje sokoni wiki hii. Nilimwambia imepanda. Ilikuwa imepanda kweli.

Sasa, Sekunde, hapa kaa kitako.

Mwezi uliopita nilikuwa nakuandikia ile barua fupi ya kuwapongeza kwa chumba kipya. Unajua anwani yako siiwezi kwa kichwa, ina herufi nyingi zisizotamkwa. Huwa naiangalia kwenye kile kikaratasi ulichoniandikia siku ya kuondoka, gari likipiga honi nje, wewe ukitafuta viatu na pasipoti kwa mkono mmoja. Nimekitunza miaka tisa kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano. Kila barua uliyopata kutoka kwangu, anwani yake ilinakiliwa kutoka hapo. Siku hiyo upepo wa dirishani ulikipeperusha, kikaanguka chini kifudifudi.

Nyuma yake kuna muhuri wa sonara. Kuna tarehe, wiki ileile uliyosafiri. Kuna neno dhahabu, na gramu thelathini, na bei, na pembeni kuna namba sita kwa mwandiko wa Baba, ndani ya duara.

Usianze kujilaumu, nakuona kutoka hapa. Ulichukua karatasi iliyokuwa karibu juu ya meza, kila mtu angefanya hivyo. Aliyekuwa nayo mkononi mara mbili kwa mwezi kwa miaka tisa asiigeuze ni mimi. Niliyageuza makaratasi ya nyumba nzima isipokuwa hilo, kwa sababu hilo nililijua. Kitu unachokijua hukiangalii tena. Baba alikuwa akisema hivyo kuhusu watu wanaoleta saa iliyosimama na kuapa kwamba wamejaza ufunguo.

Sikumwambia. Jumatatu iliyofuata nilivaa gauni la kwendea ofisini, lile ninalowatamanishia wateja, nikampanga Shangazi akae naye, nikaenda ofisi ya kodi. Sikuwa na cha kuuza wala cha kuponya. Nilitaka kujua kile tulichokuwa tunakikimbia kina ukubwa gani. Nilikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Mbele yangu kulikuwa na muuza matairi aliyeapa kwa kila aliyepita kwamba duka si lake.

Karani alikuwa binti wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Alisoma risiti, akaigeuza, akasoma na anwani yako.

"Nani aliwaambia mambo haya, mama?"

"Baba yangu."

"Ni mhasibu?"

"Ni fundi saa."

Akaniuliza dhahabu yote ni gramu ngapi, na kama Baba anaifanyia biashara au ni akiba yake mwenyewe. Nikamjibu. Akaniambia sentensi moja, akaita anayefuata. Sentensi hiyo nitaiandika mwisho, maana nikiiandika hapa sitafika kwenye salamu.

Nina ombi. Baba bado ananiuliza kila Jumamosi kama risiti imeonekana, nami namwambia bado, na bado tunakaa mezani na bati la biskuti. Ukipiga simu naye akakuuliza kama hukuona karatasi yoyote ulipokuwa unafunga mizigo, sema hukuona. Wiki iliyopita alivitoa vile vipande sita, akavipanga mezani kwa kupapasa, bila kukosea hata kimoja. Akasema, "Macho yamekwenda, lakini mali ya watoto haijaguswa." Alisema akiwa ameketi wima, Sekunde, kama siku ile alipoitengeneza saa ya mahakama. Siwezi kumchukulia na hilo.

Kikubwa ni chako, amesema, na vidogo vitano ni vyangu. Gramu thelathini kwako, ishirini na tano kwangu. Hesabu hiyo nimeiona. Sijakata rufaa.

Risiti nimeitia ndani ya bahasha hii. Anwani yako nimeinakili kwenye daftari, herufi zake zote zisizotamkwa. Ikae kwako, usiirudishe. Vidole vya Baba siku hizi vinasoma kila kitu, na sitaki siku moja aniazime mkasi akutane nayo kwenye droo.

Kama utaweza kuja, njoo kabla mtoto hajamaliza kuota meno, Baba ampapase uso akiwa bado mdogo. Ameshauliza kama kichwa chake ni cha upande wetu. Usilete zawadi ya kutazama. Lete redio ndogo, ile iliyopo inakoroma.

Nisalimie wifi yangu kwa mikono miwili, na umbusu mtoto kwenye hilo jino jipya. Shangazi anakusalimu na anasema umenenepa, ingawa hajakuona. Baba anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Amesimama mlangoni sasa hivi, anauliza mbona cherehani imenyamaza. Mungu akulinde macho yako, akupe na watu wa kukusomea siku utakapowahitaji.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikuficha mambo,

Dakika.

Tena: Karani alisema akiba ya dhahabu ya mtu binafsi isiyofika gramu mia moja haitozwi kodi, iwe na risiti au isiwe nayo. Ya Baba ni gramu hamsini na tano.