Skrubu ya Mkasi wa Mama Mkwe

Mpendwa Nyambura,

Hapa Gatitu tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeniuliza kwa nini nilikukataza kukaza skrubu ya ule mkasi mkubwa.

Ulikuwa wa mama mkwe wangu. Nilipoolewa, miaka michache baada ya uhuru, alikuwa ameshafariki. Babu yako alifanya kazi Nanyuki, nami nikabaki nyumbani na baba mkwe. Nilitaka kushona nguo za kuuza Karatina, lakini mkasi ulitafuna kitambaa. Nikaunoa kwa jiwe, nikaikaza skrubu, ukakata vizuri. Asubuhi nikaukuta umelegea. Nikaukaza tena, nikaufungia sandukuni, nikalala na ufunguo shingoni. Kulipokucha, ukungu ukiwa mzito mlangoni, nilifungua sanduku. Mkasi ulikuwa umelegea vilevile.

Nilipomweleza baba mkwe, hakushangaa.

"Vidole vyake vilikuwa vinamuuma," alisema. "Ukikazwa, hangeweza kuufungua. Mwachie hivyo, binti yangu."

Akatoka kwenda kulisha mbuzi. Nikaukaza kwa majaribio mara moja tu, kisha nikaulegeza mwenyewe. Nyuma yangu nikasikia mtu akishusha pumzi, kama mama aliyetua mzigo wa kuni. Niligeuka. Hakukuwa na mtu.

Basi nikajifunza kukata pole pole, kidole gumba kikiyabana makali yakutane. Na tangu siku hiyo, Nyambura, sijawahi kushona nikiwa peke yangu.

Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi, shosho yako.