Kilima Kilichopotea Kwenye Vigae Vyangu

Nyumba za Wafanyakazi,
Chumba Na. 9.
Ijumaa, 14 Machi

Mpendwa Dada,

Hamjambo huko? Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji ameacha kukoroma? Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, mimi nikiwemo.

Dada, kazini kuna mkono wa mtu. Unavikumbuka vile vigae vyeusi ninavyochoma tanuruni, ambavyo vikipozwa kwa nitrojeni ya kimiminika hupitisha umeme bila kizuizi chochote? Mimi napima jinsi joto linavyopita ndani yake. Kigae safi kikishavuka kiwango fulani cha baridi, joto hupita kwa urahisi zaidi, na mstari wa grafu unapanda kama kilima. Ukiingia uchafu kidogo tu, kilima kinalala. Januari kilima changu kilisimama mpaka bosi akapiga makofi.

Basi jirani yangu wa meza, tunamwita Mpole, akaanza kunizungukazunguka. Mara unga huu wa vigae umeusaga lini? Mara nikusaidie kupima? Nani kamwomba? Nikauondoa unga wangu kwenye rafu ya wote, nikauficha kwenye droo yenye kufuli.

Wapi! Vigae vilivyofuata, kilima hakuna. Unga ulipopimwa ukakutwa na zinki, na pale maabara anayefanya kazi na zinki ni Mpole peke yake. Nilimwendea bosi mbio. Mpole akasema tu, "Dada, mimi droo yako sijaigusa." Macho makavu! Wameshamnyang'anya ufunguo wa maabara, na Jumatatu kikao kinamfukuza. Mkewe yuko karibu kujifungua, lakini hilo angelifikiria mapema.

Halafu nisisahau, asante sana kwa yale makopo mawili ya mafuta ya dawa ya vipele. Mtoto amepona kabisa. Hata kopo la kwanza sikulitupa. Mfuniko wake unabana vizuri, nikalisuuza, ndilo nililotilia unga wangu pale drooni.

Ngoja kidogo, Dada.

Nimerudi. Nimelitoa kopo la pili kabatini nikasoma maandishi yake. Zinki, Dada. Imeandikwa juu kabisa. Na mimi, mpimaji mzima, nilisuuza mafuta yale kwa maji matupu!

Naona aibu. Sisubiri Jumatatu. Nambeba mtoto mgongoni na kopo hili mkononi, naanzia kwa bosi, kisha kwa Mpole. Akinifungia mlango, nitakaa barazani kwake mpaka afungue.

Nisalimie shemeji na shangazi. Mungu awalinde nyote, na mimi aniponye na ulimi wangu.

Akupendaye siku zote,
Kitinda mimba wenu