Simu ya Mume wa Nyanya

S.L.P. 417,
Embu.
11 Oktoba 1998

Mpendwa kaka Nyamu,

Pokea salamu tele kutoka huku Kibugu kwenye baridi na matope. Habari ya Pune, huko India? Masomo je, na kile kikohozi kiliisha? Sisi tu wazima, isipokuwa macho ya Nyanya, na hayo ndiyo yamenikalisha chini niandike.

Majani chai yamekubali sana baada ya mvua. Mama anachuma mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na bado anasema mvivu ni mimi. Hujakosa kitu.

Sasa hebu nikugombeze kidogo. Siku ile ulipopiga simu dukani kwa Munyi, Nyanya alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Wewe ukamwambia, "Halo Nyanya, u mzima?" haraka haraka kama karani wa benki! Alinirudishia simu akasema, "Huyu si yeye."

Jamani, Nyamu! Ulipewa jina la marehemu Babu, kwa hiyo wewe ni mume wake. Umemwita "mke wangu" tangu ujue kusema, naye akikupakulia nyama kubwa kuliko ya Baba. Najua ulikuwa kwenye kibanda cha simu na watu wamepanga foleni nyuma yako. Lakini huko Pune ni nani anajua Kiembu?

Jambo lenyewe si mzaha. Hospitali imempa siku ya kutolewa mtoto wa jicho, tarehe 11 Novemba, naye bado amekataa katakata. Anasema mke haendi kupasuliwa macho bila mumewe kumruhusu. Tulicheka, kisha tukaona yeye hacheki. Daktari anasema tukichelewa zaidi, huenda jicho moja lisipone. Juzi alimimina uji nje ya kikombe, ukamchoma mguu. Naogopa, kaka.

Ile imeili yako ya kumsihi akubali, jirani yetu Linda aliitoa kwenye kompyuta ya ofisini kwao mjini akaniletea. Nilimsomea Nyanya. Akapapasa karatasi, akauliza sauti iko wapi. Nami sikutaka kukujibu kwa njia hiyo. Mambo ya mke na mume hayapitii kwa bosi wa Linda.

Siku hizi kila Jumapili baada ya kanisa anakaa kwenye benchi la Munyi, karibu na simu. Anasema amekuja kununua chumvi. Nyumbani tuna chumvi ya kutosha ng'ombe wote wa Kibugu.

Kwa hiyo piga Jumapili tarehe 8 Novemba, saa saba mchana ya huku. Usiseme halo. Anza na "mke wangu," kwa sauti, na hao wa foleni wakishangaa, waache washangae.

Baba, Mama na binti yangu Ednah wanakusalimu. Mungu akufunike huko ugenini.

Ile picha uliyotuma, Nyanya anailaza chini ya mto. Kila siku ananiuliza kama umeota ndevu za Babu. Nimekataa kumwambia. Nataka aone mwenyewe.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Wambeti